Maumivu ya Jumatano

Asubuhi ile maumivu yalipomwisha, Matroni alikaa kitandani akalia.

Ndala moja ilikuwa imeingia chini ya kitanda. Akainama, akaitoa, akaivaa, akainama tena kuiokota ya pili, na hapo ndipo alipogundua kwamba ameinama na kuinuka bila kusema "yalaa!" Akarudia makusudi. Akagusa sakafu kwa ncha za vidole, akanyooka, akageuka kulia, akageuka kushoto. Kiuno kimya. Mtu mwenye akili zake timamu angemshukuru Mungu na kwenda kunywa chai. Yeye alibaki pale pale, ndala moja mguuni na nyingine mkononi, machozi yakimchuruzika, kwa sababu ilikuwa Jumanne, na kama mgongo umepona leo, kesho hakuna mtu atakayemgusa.

Msimcheke bado. Mahali pa kucheka papo, tutafika.

Hilo la Matroni lilikuwa jina la kazi lililokataa kustaafu pamoja naye. Alikuwa amelea wasichana wa shule ya bweni tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka zikawa za kufichwa chini ya kitambaa. Alipima homa, aligawa vidonge, alikagua vitanda, lakini kazi yake hasa, ile aliyojivunia, ilikuwa kutenganisha wagonjwa na wavivu. Kila asubuhi yenye kipindi cha hesabu palikuwa na foleni mlangoni pake: huyu tumbo, yule kichwa, mwingine kifundo cha mguu. Matroni alikuwa na mbinu yake. Alimwuliza mtoto anaumwa wapi, kisha akaanza kumwuliza habari za nyumbani, za wadogo zake, za mvua, na mtoto alipokwisha kulegea, akamchomekea ghafla: "Mguu gani vile?" Wengi walioingia wakichechemea mguu wa kulia walitoka wakichechemea wa kushoto.

"Rudi darasani," alikuwa akiwaambia. "Kudanganya kunataka kumbukumbu, na wewe hata jedwali la saba limekushinda."

Binti yake wa pekee alikulia katika foleni hiyo hiyo. Matroni aliogopa mno kuambiwa anampendelea mwanawe, kwa hiyo alimtendea kama wote, na mara nyingine chini ya wote. Mtoto akishikwa na homa, mama alimwekea mgongo wa mkono kwenye paji la uso, akatulia kidogo, akasema, "Kunywa maji mengi. Anayefuata!" Na mtoto akasogea, maana nyuma yake kulikuwa na wenziwe. Hakuna aliyelalamika. Ndiyo maisha waliyoyajua, na walipendana hivyo hivyo, kwa adabu na kwa haraka.

Sasa yule mtoto alikuwa mtu mzima, na riziki yake aliipata kwa mikono. Alifundisha yoga, ila si ile ya kujikunja mbele ya kioo ukapigwa picha. Yake ilikuwa yoga ya tiba, ya watu wenye shingo zilizokaza na magoti yanayolia kama bawaba. Chumba chake kilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na wagonjwa. Ndani hamkuwa na mengi: mikeka ya mpira iliyoviringishwa na kusimamishwa pembeni, viti vya mbao visivyo na mikono, mablanketi yaliyokunjwa vizuri, na ukutani picha kubwa ya binadamu asiye na ngozi, mbele na nyuma, misuli yote nje. Binti hakuanza zoezi lolote kabla hajampeleka mgonjwa kwenye picha ile na kumwonyesha msuli unaohusika, unaanzia wapi, unaishia wapi, unavuta nini. "Usipojua msuli umeshika wapi," alikuwa akisema, "unajinyoosha gizani." Majina ya vitabuni yalikuwa ya kukunja ulimi, kwa hiyo yeye aliipa misuli majina ya nyumbani. Msuli mmoja wa ndani ya kalio, kwa kuwa una umbo la tunda, aliuita msuli wa pea, na wagonjwa wakautaja kwa mapenzi kama jirani yao.

Matroni aliingia kwenye chumba kile baada ya kuteleza bafuni. Hakukuwa na mfupa uliovunjika. Daktari alitazama picha ya eksirei, akasema ni msuli tu, akaandika vidonge. Lakini ule "msuli tu" ulimfanya ashindwe kuvaa soksi. Binti alimsikia kwenye simu akiguna, akamwambia, "Njoo kwangu Jumatano saa tisa. Saa hiyo nitakuwekea wewe."

Akaenda. Akapanda ngazi akishikilia ukuta. Binti akamlaza chali juu ya mkeka, miguu yake akaiweka juu ya kiti, chini ya kichwa akamtilia blanketi. Kisha akapenyeza mkono chini ya kiuno cha mama yake, kiganja juu, akautuliza pale.

"Hapa kuna msuli wa mraba," akasema kwa sauti ya kazini. "Uko mmoja kila upande wa uti wa mgongo. Kwa juu umeshika ubavu wa mwisho, kwa chini umeshika ukingo wa mfupa wa nyonga. Wako wa kulia ulishtuka ulipoanguka, ukakaza, na mpaka leo unadhani unaanguka. Hatuulazimishi. Vuta pumzi, mama, uilete hapa kwenye kiganja changu."

Matroni akavuta pumzi, akaipeleka alikoambiwa. Hakuwa ameguswa na mtu, kuguswa kweli, tangu baba wa mtoto alipotangulia mbele ya haki. Watu walimpa mkono, wakauchukua mkono wao, wakaenda zao. Hiki kiganja kilikuja kikakaa. Kilikuwa na joto, hakikuwa na haraka, na hapakuwa na foleni mlangoni. Aliposhuka ngazi siku hiyo alikuwa bado anaumwa, lakini alifika nyumbani akiimba, na ikabidi ajinyamazishe mwenyewe.

Najua mtakachosema. Si angemwambia tu mwanawe anachokitaka? Mwanamke aliyekula chumvi nyingi, mwenye sauti iliyokuwa ikizima bweni zima kama swichi, neno dogo kama hilo limshinde? Ndiyo, lilimshinda. Jaribuni ninyi. Kila Jumapili binti alikuja kumwona. Alileta matunda, wakasalimiana kwa mkono, akakaa kile kiti cha karibu na dirisha, wakazungumza habari za maji yanayokatika na paa linalovuja, kisha akaaga. Mara kadhaa Matroni alijaribu. Alilisukuma lile neno kutoka kifuani mpaka kwenye meno, na lilipotoka likawa, "Umekula?"

Kwa hiyo Jumanne ile, baada ya kulia na kupangusa uso kwa kanga, alifanya uamuzi wake. Ataendelea kuumwa.

Alidhani itakuwa kazi rahisi. Nani angemzidi kwa ugonjwa wa uongo, yeye aliyeyaona ya kila aina? Jumatano akaingia akiwa ameshika kiuno upande wa kulia, uso ameukunja kwa kiasi, si sana. Binti akamwambia asimame, ainame taratibu upande wa kulia, mkono ukiteremka kwenye paja. Matroni akainama kulia, na palipostahili akasema, "Yalaa! Hapo hapo!"

Binti akakunja kipaji. "Ajabu. Ukiinama kulia, mraba wa kulia unafupika, unapumzika. Ulitakiwa uumie ukiinama kushoto, ndipo unavutwa."

Matroni akahisi jasho la mtoto wa darasa la sita likimtoka kwapani.

"Na kushoto pia," akasema. "Kushoto ndiko hasa. Huku ni kama, yaani, kunafuata."

Binti akamlaza, akapenyeza mkono, na kile kiganja kikakaa palepale kama wiki zote. Lakini Matroni alirudi nyumbani akiwa amejifunza jambo: mwili una mpango wake, na anayetaka kuusingizia lazima aujue. Basi akaamua kusoma.

Tangu hapo akawa anafika mapema. Aliketi kwenye benchi la kungojea, mkabala na mlango, ambao binti aliuacha wazi ili hewa ipite, na kutoka pale aliisoma ile picha ya mtu asiye na ngozi kwa bidii ambayo wasichana wake hawakuwahi kuionyesha kwa somo lolote. Akajua kwamba mwenye mraba mbovu hainuki kitini moja kwa moja, hutanguliza mikono juu ya mapaja. Akajua kwamba mraba ukikaza huivuta nyonga juu, mguu ukaonekana mfupi, na mtu akakanyaga kwa kuuogopa. Alimwuliza binti maswali, na binti akafurahi, masikini, akamweleza yote kwa moyo mmoja.

Mwalimu wake wa pili alikuwa Dereva. Huyu aliendesha malori ya safari ndefu, mtu mnene mwenye kicheko, na ugonjwa wake ulikuwa wa kweli kabisa, kutoka kwenye kalio mpaka kisiginoni. Saa yake ilikuwa kabla ya ile ya Matroni, na akishamaliza alikaa kwenye benchi kuvaa viatu. Kwake yeye kufunga kamba za viatu ilikuwa safari nyingine.

"Na ukipiga chafya?" Matroni alimwuliza.

"Mama, nikipiga chafya naona nyota mchana."

"Na ukicheka?"

"Usinichekeshe, ndiyo utaniua." Akacheka, akajishika kiuno.

Matroni akaichukua ile chafya akaenda nayo nyumbani, akaifanyia mazoezi. Wiki iliyofuata alipiga chafya moja safi juu ya mkeka, akajikunja kama ilivyopasa, na binti akamwekea mikono yote miwili.

Sasa hapa inabidi nieleze ubingwa wake, maana ndio uliomponza. Matroni alijua kasoro ya waongo wote aliowakamata: walichechemea mlangoni tu. Wakishapita kona walikuwa wakikimbia. Yeye hakutaka kosa la kitoto namna hiyo. Akachechemea kutoka nyumbani. Akachechemea dukani, akachechemea akimwagilia maua, akachechemea hata jikoni, ambako hapakuwa na wa kumwona isipokuwa jokofu. Mguu wa kulia akaukanyaga kwa ncha za vidole tu, na uzito wote wa mwili, ambao haukuwa haba, akautwika mguu wa kushoto. Asubuhi, mchana, jioni. Miezi ikapita hivyo.

Na hapa ndipo pa kucheka, kama bado mnataka. Siku moja akipanda ngazi za duka la rangi alihisi kitu kikimchoma nje ya nyonga, upande wa kushoto. Akapuuza. Kesho yake kikamchoma tena alipokuwa amelala ubavu. Wiki ile ile akakitafuta kwenye picha akakiona, maana sasa alikuwa msomi: msuli wa kati wa nyonga, ule unaoizuia nyonga isidondoke mtu anaposimama kwa mguu mmoja. Ulikuwa umechoka kubeba mzigo wa watu wawili, mgonjwa wa uongo na mzima wa kweli. Aliyewakamata waongo maisha yake yote alikuwa amedanganya kwa bidii mpaka akajipa maumivu halisi, tena upande wa pili.

Wala hakuweza kuyasema. Akisema kushoto kunauma, binti atauliza na kulia je, atapima pande zote mbili, atalinganisha, na mambo yatatoka hadharani. Kwa hiyo alilalamikia upande uliokuwa mzima, na ule mgonjwa akaunyamazia. Kila Jumatano kiganja kilitua kulia, palipokuwa hapana shida, na kushoto kukabaki kunawaka. Lakini ni kiganja, na kilitua. Aliona haki imetendeka.

Aliyekuwa anakonda ni binti. Alikuwa ameanza kumtazama mama yake kwa namna ya mtu anayetafuta funguo zilizopotea. Alibadilisha mazoezi, alirudia vitabu, aliwapigia waliomfundisha. Jumatano moja, akiwa amepiga magoti kando ya mkeka, akasema kwa sauti ndogo isiyokuwa ya kazini, "Wagonjwa wangu wote wanapata nafuu isipokuwa wewe. Sijui nakosea wapi."

"Hukosei, mwanangu. Mwili wa kizee mkaidi."

"Hapana. Kuna kitu sikioni."

Matroni alifumba macho. Moyo ulimsuta vibaya, na msimwone ni mtu asiye na utu. Usiku ule aliapa kwamba wiki ijayo atapona. Wiki ijayo ikafika, akafikiria nyumba yake yenye vyumba vitatu na mtu mmoja, akafikiria kiganja, akapanda ngazi akichechemea.

Hivyo ndivyo alivyokuwa, ameketi kwenye benchi, Jumatano ya mwisho wa mwezi, Dereva akipambana na kamba za viatu pembeni yake. Binti alikuwa ndani, anafungua madirisha ya upande wa pili.

"Bahati yetu haendi," Dereva akasema.

"Nani haendi?"

"Mwalimu. Hujasikia? Kuna chuo kikubwa cha tiba ya viungo, ng'ambo huko, kimemwita. Miaka miwili, awafundishe watu yoga na yeye mwenyewe aisomee misuli mpaka mwisho wake. Hata pa kulala wanampa. Aliniambia mwenyewe, macho yanang'aa kama mtoto." Akafaulu kufunga kamba moja, akapumzika. "Lakini anakataa. Bado hajawajibu, mwisho ni Ijumaa, ila anasema atakataa."

"Kwa nini akatae?"

"Ana mgonjwa mmoja. Mama fulani, mtu mzima, sijui ndiye yupi. Anasema mgongo wake umegoma kupona na hawezi kumwacha njiani. Mimi nikamwambia, mwalimu, kwani huyo mama hana watoto wa kumwangalia?"

Dereva hakujua. Humo ndani kila mwanamke mwenye mvi aliitwa mama, na binti alipomwita Matroni "mama" mbele za watu, nani angedhani kuna zaidi? Matroni naye hakuwahi kumsahihisha mtu. Zamani alikwepa kulitaja jambo hilo ili asionekane ana upendeleo, na mazoea hayakuwa yamemtoka.

"Labda anao," Matroni akasema.

"Basi wamemtupa," Dereva akasema, akasimama kwa mafungu mafungu, akaaga, akateremka ngazi moja moja.

Matroni akabaki na benchi. Dakika ile ilikuwa ndefu, na sitamsafisha: jambo la kwanza lililomjia halikuwa aibu. Lilikuwa furaha. Amekataa kwa ajili yangu. Jumatano zote ni zangu. Hakutakiwa kufanya lolote, wala kusema uongo mpya. Angeingia tu kama kawaida, alale, na Ijumaa ipite. Alikitaka kile kiganja kwa uchu aliokuwa hajauhisi hata ujanani. Alikitaka mpaka meno yakamuuma.

Kisha akakumbuka maneno ya Dereva kuhusu macho. Yanang'aa kama mtoto. Akajaribu kuyaona macho ya binti yake yaking'aa, akakuta hana picha hiyo. Alikuwa na picha ya paji la uso, homa kidogo, na mtoto anayesogea kumpisha mwenzake. Yule mtoto hakuwahi kudai chochote. Hata sasa hakudai. Angeandika barua ya kukataa, akatuma, akaja Jumapili na matunda, akauliza kama paa bado linavuja.

"Karibu, mama," binti akaita kutoka ndani.

Matroni akapiga moyo konde, akasimama bila kutanguliza mikono mapajani. Akaingia kwa miguu miwili iliyolingana. Kila alipokanyaga kushoto nyonga ilimkumbusha anachokifanya.

Binti akamtazama. "Leo unatembea vizuri."

"Nimepona."

"Mama, wiki iliyopita ulipanda hapa kama mtu aliyebeba gunia."

"Nilipiga chafya jana, ikaachia."

"Misuli si kufuli, haiachii hivyo."

"Basi nipime. Si ndiyo kazi yako?"

Binti akampima. Akamketisha, akamwinua, akamwinamisha kushoto. Mkono wa Matroni ukateremka kwenye paja mpaka karibu na goti, na mraba wa kulia ukavutika bila neno. Akamlaza kifudifudi, akabonyeza kwa kidole gumba chini ya ubavu wa mwisho, polepole, mahali palepale alipopahangaikia miezi yote. Palikuwa laini. Palikuwa laini kwa sababu palipona zamani, lakini binti hakujua hilo, na uso wake ukaanza kufunguka.

"Mama," akasema. "Mama, haupo. Ule mkazo haupo!"

"Si nimekwambia?"

"Subiri, subiri." Akabonyeza tena, akacheka peke yake. Matroni alikuwa amelaza shavu kwenye mkeka, akageuza macho kumtazama, akayaona. Yalikuwa yanang'aa. Kumbe ndivyo yalivyo.

"Kile chuo," akasema, shavu bado liko chini. "Waandikie kwamba unakwenda."

Kidole gumba kikasimama. "Nani amekuambia?"

"Nina masikio."

"Sijaamua bado, mama."

"Umeamua, kwa sababu ya mgongo huu. Sasa mgongo ndio huo, umeushika. Una sababu nyingine?"

Chini dukani mtu alikuwa akichanganya rangi kwa mashine, na sakafu ilitetemeka kidogo. "Utabaki peke yako," binti akasema.

"Nimelea mabinti mia kwa mara moja. Acha nipumzike."

"Bado kipimo kimoja," binti akasema. "Simama. Nataka kuona nyonga zinavyobeba. Utainua mguu mmoja, mimi nitakuwa nyuma nimekushika. Nyonga ikidondoka, bado una tatizo, na siendi popote. Nakwambia kweli, mama. Siendi."

Matroni akasimama katikati ya chumba. Binti akaenda nyuma yake, akaweka viganja viwili kwenye nyonga, kimoja kila upande. Matroni akasimama kwa mguu wa kulia kwanza. Hapo hapakuwa na taabu, angeweza kusimama mpaka magharibi.

"Safi sana," binti akasema. "Sasa wa kushoto."

Hakuna aliyewahi kuupima wa kushoto. Ulikuwa upande mzima. Matroni akaikazia macho ile picha ukutani, kwenye ule msuli mwekundu wa nje ya nyonga aliokuwa akiufahamu sasa kuliko majirani zake. Yote aliyojifunza ili adanganye kwamba anaumwa akayakusanya pamoja. Akakandamiza kidole gumba cha mguu sakafuni. Akavuta kitovu ndani, akarefusha uti wa mgongo, akapeleka pumzi kule inakochoma. Akainua mguu wa kulia.

Moto ukapanda kutoka nyonga mpaka kwenye meno. Uso wake ulikunjamana kama karatasi, lakini uso ulikuwa mbele na binti alikuwa nyuma. Chumba kile hakikuwa na kioo. Nyonga ikataka kudondoka. Matroni akaikatalia. Alijikaza kuliko alivyowahi kujikaza siku aliyomzaa huyu aliyemshika.

"Zimelingana," binti akasema taratibu. "Unatetemeka kidogo."

"Uzee."

"Lakini zimelingana." Akavuta pumzi ndefu, na Matroni akaihisi ile pumzi shingoni. "Basi nitawaandikia leo. Nitakwenda, mama."

"Nenda."

"Jumatano utafanya nini?"

"Nitalala. Watu wazima hulala mchana."

Binti akacheka, cheko lenye machozi ndani yake, akasogeza kichwa, paji la uso likagusa mgongo wa mama yake kati ya mabega. Likakaa hapo. Viganja vilikuwa bado kwenye nyonga, vya moto, vimetulia, na nyonga ya kushoto ilikuwa inapiga kelele ambayo mtu mmoja tu aliisikia.

"Umefaulu," binti akasema. "Shusha mguu sasa, mama. Inatosha."

"Bado kidogo," Matroni akasema. "Bado naweza."